Mgeni Mwenye Ndoana na Mto Wetu

(Maneno haya yalisemwa mjini Eldoret mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Uasin Gishu, Elgeyo Marakwet na Trans Nzoia. Tumeyafupisha kidogo. Mwishoni kuna maswali ya kujadili katika kikundi chenu.)

  Najua wengine wenu mmeacha ng'ombe hawajakamuliwa, kwa hiyo sitazunguka sana.

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo vijana wa kikundi kimoja cha huku juu Cherangani walileta ofisini. Walikuja watano, wamevaa vizuri, na karatasi mkononi. Walisema hivi: "Wageni wanakuja Iten kukimbia, wanalala, wanakula, wanaacha pesa. Sisi hatuna uwanja wa mbio, tuna mto. Tumesikia huko Marekani watu wanalipa pesa nyingi ili kijana awapeleke mtoni kuvua samaki anayeitwa besi. Naivasha besi wapo. Tukiwachukua kwa mapipa tukawamwaga katika mto wetu, wageni hawatakuja?"

Wazo hili lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni nzuri: kumpeleka mgeni mtoni kuvua, akulipe. Sehemu ya pili, ile ya mapipa, ni hatari kubwa. Leo nataka tuzitenganishe, kama mama anavyopepeta mahindi: punje upande huu, makapi upande ule.

HUKO KWINGINE INAFANYWAJE?

Tuanze na huyo besi mwenyewe. Wako wa aina mbili wanaojulikana sana. Yule wa Naivasha ni besi wa mdomo mkubwa. Anapenda maji yaliyotulia, yenye majani. Yule ambaye wageni wa Marekani na Kanada hulipia safari za mtoni hasa ni ndugu yake, besi wa mdomo mdogo. Huyu ni samaki wa maji yanayotembea, penye mawe na changarawe. Kwao ni mito ya upande wa Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini na mto Mississippi. Kwa hiyo vijana wetu wangebeba mapipa yote hayo kutoka Naivasha, na bado wangekuwa wamebeba samaki asiyependa mto wa kasi! (Kicheko.)

Lakini sikilizeni kazi ya yule kijana wa huko anayewaongoza wageni, kwa maana hapo kuna somo. Yeye hauzi samaki, anauza ujuzi wa majira. Wakati baridi inapoisha na maji yanaanza kupata joto, anajua kwamba dume la besi linafagia changarawe kwa mkia, linatengeneza kiota, na jike likishataga, dume hubaki kulinda mayai. Wakati wa joto kali anampeleka mgeni alfajiri na jioni, penye maji yanayochafuka juu ya mawe. Majani yakianza kuanguka, besi hula kwa pupa kujiandaa na baridi, na hapo wageni humiminika. Baridi ikikaza, samaki hushuka kwenye vidimbwi virefu na kutulia karibu kama amelala.

Basi mwongozaji ni mtu anayeusoma mto mwezi kwa mwezi, kama vile nyinyi mnavyosoma mawingu kabla ya kupanda. Na kuna jambo la pili. Wageni wengi wa aina hii hawali samaki wao. Wanamshika, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Najua kwetu hili ni kichekesho. Mtu alipe, ashike, halafu aachilie? Lakini fikirini. Ng'ombe wa maziwa huchinji, kwa sababu kesho utamkamua tena. Besi wa mto hukua polepole, mkubwa amechukua miaka mingi. Akiliwa leo, amelipa mara moja. Akiachiliwa, anaweza kulipa tena mwakani. Ndiyo maana sehemu nyingi za jimbo la Ontario, Kanada, hufunga kabisa uvuvi wa besi wakati dume linalinda kiota.

NA KWETU, KUNA NINI?

Jamani, kuvua kwa michezo si jambo jipya Kenya. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja aitwaye Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa rangi ya kahawia kutoka Scotland, na samaki hao wakawekwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Mwaka 1910 akaletwa trauti wa upinde kutoka Afrika Kusini. Baadaye trauti waliwekwa katika mito mingi ya baridi ya Mlima Kenya, Mau, Mlima Elgon na hii Cherangani yetu. Kwa hiyo ukitafuta kwetu samaki wa mtoni ambaye mgeni anaweza kusafiri kwa ajili yake, jibu ni trauti.

Trauti hataki mchezo. Anataka maji ya baridi, safi, yenye hewa. Maji yakizidi joto la digrii 20 anaanza kutaabika, na yakifika karibu 25 anakufa. Ndiyo sababu utamkuta juu kwenye msitu, si huku Sosiani inapopita katikati ya jiji. Anakula wadudu wa majini na wale wanaoanguka kutoka majani ya kando. Ukikata miti ya kando ya mto, umemwondolea kivuli na chakula pamoja.

Kuna pia samaki wetu wa asili, na hawa wengi wetu tumewasahau. Mto Nzoia, ambao unakusanya maji ya Moiben, ya Sosiani kupitia Kipkaren, na ya Elgon, unaingia Ziwa Victoria. Zamani, mvua ikifurika, samaki aitwaye ningu alikuwa akipanda kutoka ziwani kwa makundi makubwa kwenda kutaga katika maji ya mafuriko. Watu wa mtoni walimsubiri kama sisi tunavyosubiri kumbikumbi. Halafu zikaja nyavu za nailoni, zikafungwa midomoni mwa mito, zikamkamata kabla hajataga. Katikati ya karne iliyopita uvuvi ule ulianguka, na mpaka leo haujarudi kama ulivyokuwa. Hakuna mtu aliyekusudia kummaliza ningu. Kila mmoja alichukua wake tu, katika wiki zile ambazo samaki alihitaji kupita.

Wekeni hilo akilini. Samaki anaweza kumalizwa kwa kuvuliwa wakati mbaya.

JUU YA MAPIPA

Sasa turudi kwenye mapipa ya vijana. Mimi nasema hapana, na nitatoa sababu, maana kijana hakatazwi bila kuelezwa.

Naivasha yenyewe ni ushahidi. Besi aliletwa pale mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa michezo. Ziwa lile lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo kama kidole. Mara ya mwisho alionekana mwaka 1962. Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa Louisiana, akazaana, akala majani ya ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaonekana samaki aitwaye kapu, ambaye inaaminika alitoroka kutoka mabwawa ya kufugia huko juu, na akawa ndiye mwenye ziwa. Kila mgeni alibadilisha nyumba, na hakuna aliyeweza kumtoa.

Mbuta wa Ziwa Victoria mnamjua. Aliwekwa miaka ya 1950 na 1960. Ni kweli alileta viwanda na pesa. Lakini aina nyingi sana za samaki wadogo wa ziwa lile zilitoweka, na mama aliyekuwa akianika samaki wadogo akajikuta ananunua mifupa ya mbuta iliyobaki kiwandani.

Na huyo besi wa mdomo mdogo tunayemtamani? Afrika Kusini walimleta mwaka 1937. Katika mto Rondegat, milima ya Cederberg, aliwala samaki wa asili mpaka sehemu aliyokaa ikabaki yeye tu. Mwaka 2012 na tena 2013 wataalamu walilazimika kutia dawa ya kuua samaki katika kilomita chache za mto ule ili kumwondoa, na samaki wa asili wakaanza kurudi. Wenzetu wanatumia pesa kumtoa, sisi tutumie pesa kumwingiza?

Tena mto wetu si wetu peke yetu. Utakachomwaga Moiben kinaweza kushuka Nzoia mpaka Busia. Utakachomwaga upande wa mashariki, Arror au Embobut, kinashuka Kerio mpaka Turkana. Hatuwezi kuamua kwa niaba ya watu wote hao. Na sheria pia haituruhusu. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016, kuhamisha samaki hai na kumwingiza katika maji mengine bila kibali ni kosa.

Kuna aliyeniuliza: "Lakini trauti naye si mgeni?" Swali zuri. Ndiyo, ni mgeni, na alipoingia hakuna aliyewauliza wazee wetu. Tofauti ni kwamba yeye ameshaingia. Alipo tayari, mgeni aje amvue. Ambapo hayupo, tusimpeleke. Ndivyo ninavyoona mimi.

MWAKA WA MTO WETU

Basi mwongozaji wa huku atasoma majira gani? Hatuna theluji, lakini mto wetu una mwaka wake.

Desemba hadi katikati ya Machi ni kiangazi. Maji ni machache na meupe kama kioo. Samaki anakuona kabla hujamwona. Hapa mgeni avue alfajiri, atembee polepole, asimame nyuma ya kichaka, na kivuli chake kisianguke majini. Huu ndio wakati njia zinapitika na wageni wanakimbia baridi ya kwao. Lakini mwishoni mwake, kama maji yamepungua sana na mchana yanapata joto, pumzisheni mto. Samaki aliyechoka katika maji ya joto anakufa hata ukimwachilia.

Mwisho wa Machi hadi Mei mvua inaingia. Maji yanakuwa mekundu, samaki haoni chambo. Samaki wa asili ndio wanapanda kutaga. Wakati huu msipeleke mgeni. Limeni mashamba yenu.

Juni na Julai mvua hupungua kwa siku kadhaa, halafu hurudi. Siku ya pili au ya tatu baada ya mvua, maji yakianza kusafika lakini bado yana rangi kidogo, trauti hula vizuri kwa sababu mvua imemletea wadudu. Mwongozaji anayeishi kando ya mto ndiye pekee anayejua siku hiyo. Mgeni aliye hotelini hawezi kujua. Hiyo ndiyo bidhaa yenu!

Agosti mvua inakaza tena. Hatari yake ni mafuriko ya ghafla. Jua linaweza kuwaka mahali mlipo huku mvua kubwa inanyesha juu mlimani. Maji yakibadilika rangi ghafla, au vijiti na majani yakianza kuelea, toeni mgeni mtoni mara moja. Msingoje kukusanya vyombo.

Oktoba na Novemba maji yanashuka taratibu, hewa ni nzuri, nyasi bado ni kijani. Kwa maoni yangu, kukiwa hakuna mvua kubwa za mwisho wa mwaka, huu ni wakati mzuri kuliko yote.

KAZI YENYEWE

Kabla ya kumwita mgeni hata mmoja, upimeni mto. Ongeeni na afisa wa uvuvi wa kaunti. Waulizeni watoto wanaochunga, wao wanajua kila kidimbwi. Nunueni kipimajoto kidogo, mpime maji saa nane mchana wakati wa kiangazi. Geuzeni mawe: chini yake mkikuta wadudu wadogo wenye mikia mitatu wamejishikiza, maji ni mazima. Mkikuta matope na harufu, mgeni asije, tuanze kwanza kuutibu mto.

Mgeni awe na leseni ya kuvua kwa michezo. Kama njia inapita ndani ya msitu wa serikali, pateni ruhusa ya Shirika la Huduma za Misitu, na mwongee na chama cha jamii cha misitu na wenyeji wanaoishi hapo. Kama inapita shambani kwa mtu, mwombeni, na alipwe kitu. Mahali penye wasiwasi wa usalama, msipeleke mtu, hata akilipa mara mbili.

Mfundisheni kila mwongozaji kumshika samaki. Lowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu unatoa ute unaomkinga. Bana ule mwiba wa ndoana kwa koleo ili itoke kwa urahisi. Usimshike kwenye matamvua. Asikae nje ya maji zaidi ya muda unaoweza wewe kuzuia pumzi. Mshike akiwa ameelekea maji yanakotoka mpaka ajiondokee mwenyewe.

Akina mama, msidhani hii ni kazi ya vijana peke yao. Trauti huvuliwa kwa nzi wa bandia, anayefungwa kwa uzi na manyoya juu ya ndoana ndogo. Kwa miaka mingi nzi wa aina hii wamefungwa hapa Kenya kwa mikono na kuuzwa Ulaya na Marekani. Manyoya ya shingo ya jogoo, yale mnayotupa, ndiyo yanayotumika. Kazi hii inataka vidole vyepesi na uvumilivu, na hivyo mnavyo.

PESA

Haya, sasa sehemu mliyoingoja. Nitatoa mfano tu, msiuchukue kama bei. Tuseme wageni wawili wanalipa shilingi 4,000 kila mmoja kwa siku. Hiyo ni 8,000. Mwongozaji 1,500. Mbebaji na mpishi 1,000. Chakula 1,500. Pikipiki 1,000. Mwenye shamba mnalopitia 500. Mfuko wa mto 1,000. Inabaki 1,500 ya kikundi.

Mkipata siku 20 kwa mwaka, na kwa mwanzo hizo si chache, kikundi kimepata 30,000, na mwongozaji, kama ni mmoja, 30,000. Je, hiyo inalisha nyumba mwaka mzima? Hailishi. Kwa hiyo asiuze mtu ng'ombe ili anunue fimbo za kuvulia. Hii ni kazi ya kuongezea shamba, si ya kuchukua nafasi ya shamba. Kijana akikwambia utatajirika, mwambie apige hesabu tena mbele ya mweka hazina.

Lakini angalieni ile 1,000 ya mfuko wa mto. Kwa siku 20 ni shilingi 20,000. Hizo ni miche ya mianzi na miti ya asili. Na hapa ndipo moyo wa maneno yangu ulipo. Kanuni za maji zinataka kando ya mto iachwe bila kulimwa, mita 6 hadi 30 kufuatana na upana wa mto. Sisi tunalima mpaka jembe linaloa. Tunapanda mikalatusi, inakunywa. Tunaosha bomba la dawa ya mahindi mtoni. Halafu tunashangaa mto umekonda.

Tumehubiriana miaka mingi kuhusu kupanda miti kando ya mto, na wengi wamepanda ile siku ya mkutano tu. Lakini kijana ambaye mgeni wake wa Oktoba anategemea kivuli cha mti ule, huyo atamfukuza mbuzi bila kuambiwa. Na mto ukiwa safi kwa ajili ya trauti, ni safi pia kwa mama anayechota maji chini yake, na kwa bwawa la Chebara kwenye Moiben, linaloleta maji hapa Eldoret. Hata asipokuja mgeni hata mmoja, hiyo faida imebaki.

Kwa hiyo nawaambia vijana wale watano, naona mmekaa pale nyuma: mapipa yaacheni. Chukueni kipimajoto na daftari. Andikeni mto wenu mwaka mzima: rangi ya maji, joto, wadudu, siku ya mvua, nani ameonekana anatega sumu au wavu. Mwakani mkirudi na daftari lile limejaa, tutakaa pamoja na afisa wa uvuvi tuone kama kuna mgeni wa kumwalika. Likirudi tupu, pia tutakuwa tumejua jambo.

 Chai iko tayari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mto ulio karibu nasi ulikuwaje wakati wazee wetu walipokuwa watoto? Ni samaki gani walionekana, na walionekana mwezi gani?

2. Ni nani kati yetu analima mpaka ukingoni? Tutaongeaje naye bila kugombana?

3. Kama mgeni angekuja, njia yake ingepita mashambani kwa nani, na mwenye shamba angepata nini?

4. Kikundi chetu kina mtu anayeweza kuandika daftari la mto kila wiki kwa mwaka mmoja? Tutamsaidiaje?